Usukani wa Land Cruiser ya zamani unatikisika, mzito, na hauko sawa kwenye H4: nianzie wapi?

Swali kwa kifupi: msomaji wa Babati ana Land Cruiser HZJ78 ya mwaka 2002 aliyoinunua baada ya kufanya kazi miaka mingi vijijini. Akiwa kwenye lami, mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, akipita kwenye kishimo au kiungo cha daraja, mbele kote kunaanza kutikisika na hakuachi mpaka apunguze mwendo karibu asimame. Fundi amebadilisha shokapu ya usukani mara mbili. Ilipoendelea, akakaza skrubu ya juu ya boksi la usukani, na tangu hapo usukani umekuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Tena anasema akiwa H4 (magurudumu yote manne yakivuta) gari linagoma kukata kona. Sasa ameambiwa atafute boksi la mtumba. Anauliza kama anunue, na kama sivyo, aanze kuangalia wapi.

Ndugu yangu, hilo boksi usilinunue kwanza. Katika maelezo yako kuna mambo matatu yaliyochanganywa yakafanywa ugonjwa mmoja. Kutikisika ni la kwanza, na chanzo chake kwa kawaida kiko chini kwenye ekseli. Uzito wa usukani ni la pili, na wewe mwenyewe umeandika ulianza lini: boksi lilipokazwa. Ugumu wa kona kwenye H4 ni la tatu, na hilo kwa gari la aina yako huenda si ubovu kabisa. Nianze na hili la mwisho kwa sababu ni fupi.

Land Cruiser yako haina difu ya katikati, yaani gia za kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ukiweka H4, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawasawa. Lakini gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga tofauti hiyo haikusumbui, matairi yanateleza na mambo yanajisawazisha. Kwenye lami au changarawe iliyoshindiliwa matairi hayana pa kuteleza, kwa hiyo mkazo unabaki ndani ya propela na ekseli. Ndipo usukani unapokuwa mzito, gari linadundadunda kwenye kona, na liva inakataa kutoka H4. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, mkazo utaachia na liva itatoka. Ukifika barabara kavu, weka H2 (magurudumu ya nyuma tu yavute), shuka, geuza habu zote mbili, zile swichi za katikati ya magurudumu ya mbele zinazoyaunganisha na shafti, ziwe FREE, kisha uendeshe. Ule ugumu ukipotea, gari lako ni zima kwa upande huo. Acha tu kutumia H4 pasipo na utelezi.

Hakikisha pia habu zinaachia kweli. Inua gurudumu moja la mbele, liva iwe H2, habu yake iwe FREE na ya upande wa pili iwe LOCK, lizungushe kwa mkono. Lizunguke jepesi huku propela ya mbele ikiwa imetulia. Propela nayo ikizunguka, habu imenasa kwa vumbi na grisi iliyokauka. Ifunguliwe, isafishwe, ipakwe grisi kidogo. Na kama gari lako ni miongoni mwa yale yenye loki ya difu ya mbele, hakikisha haijanasa, maana ikishika, gari linataka kwenda mbele tu hata ukizungusha usukani namna gani. Ukisikia mlio wa ka-ka-ka kwenye kona habu zikiwa LOCK na gari likivuta, na mlio huo unapotea ukiweka FREE, ni jointi ya shafti ya mbele ndani ya tufe la ekseli. Huo ni ubovu, ila hauhusiani na kutikisika kwako kwenye lami.

Sasa tuje kwenye kutikisika, maana hapa ndipo watu wanapomaliza pesa.

Ekseli yako ya mbele ni moja, nzima, na magurudumu mawili yameunganishwa na fimbo iitwayo tairodi. Kishimo kikilisukuma gurudumu moja pembeni, tairodi inalivuta na la pili. Viungo vikiwa vimebana, magurudumu yanarudi katikati na kutulia. Kukiwa na ulegevu mahali, yanarudi na kupitiliza, yanavutwa tena, yanapitiliza upande wa pili, na mtikisiko unajilisha wenyewe mpaka mwendo upungue. Shokapu ya usukani inameza sehemu ya mtikisiko huo. Ndiyo maana ukifunga mpya unapata nafuu, na shokapu nayo inakufa mapema kwa sababu inafanya kazi isiyo yake. Mimi nikitaka kuujua ukweli wa gari la namna hii huifungua shokapu hiyo na kuiweka pembeni wakati wa ukaguzi wote, ili isinifiche kitu. Gari zima linatakiwa liende sawa hata bila hiyo shokapu. Kazi yake ni kupunguza mirindimo ya mashimo inayokuja mikononi.

Kabla ya spana yoyote, osha rimu kwa ndani. Nasema hili kwa mtu wa Babati kwa makusudi kabisa. Udongo mweusi wa mbuga unajaza upande wa ndani wa rimu, unakauka, kisha kipande kimoja kinadondoka na kuacha gurudumu zito upande mmoja. Gari linatikisika kuanzia kilomita 60 hivi, na mtu anaambiwa anunue tairodi. Chukua maji ya presha, osha mpaka uone chuma. Kisha pima upepo kwenye matairi yote, na uzungushe kila gurudumu likiwa juu huku umeshika kipande cha mti karibu na ukingo wa rimu: nafasi kati ya mti na rimu ikibadilika sana, rimu imepinda. Kama una matairi ya 7.50R16 kwenye rimu za ringi, angalia pia kama tairi limekaa sawa pande zote. Hamisha ya mbele yaende nyuma, uendeshe. Mtikisiko ukihama au kubadilika waziwazi, una tatizo la matairi au balansi. Ukibaki vilevile, shuka chini ya gari.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji mashine. Gari liwe chini, matairi yote yamekanyaga ardhi, uzito wote uko palepale unapokuwaga njiani. Ukilinyanyua kwa jeki viungo vingi vinakaa mkao mwingine na ulegevu unajificha. Weka kabari magurudumu ya nyuma, handibreki juu, gia nyutro. Mwenzako akae kwenye kiti, awashe injini ili pawa steringi ifanye kazi, kisha azungushe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, sentimita chache tu, bila kupumzika. Wewe ulale chini mbele ya ekseli, mbali na feni na mikanda, ushike kila kiungo kimoja kimoja kwa kiganja, nusu ya kiganja upande huu wa kiungo na nusu upande ule. Macho yanadanganywa na vumbi na mpira wa kufunika. Mkono haudanganyiki: vipande viwili vikisogea kwa nyakati tofauti, utausikia mgongano ndani ya ngozi.

Fuata njia ya nguvu kutoka mkononi mwa dereva. Anza na shafti inayoshuka kutoka usukani hadi kwenye boksi, hasa krosi zake, vile viungo vinavyoiruhusu kupinda. Kisha shafti inayoingia kwenye boksi na mkono unaotoka chini yake: wa juu ukizunguka na wa chini ukachelewa, plei, yaani ulegevu, iko ndani ya boksi. Angalia boksi lenyewe linavyokaa kwenye chasisi. Boliti zilegee kidogo tu, boksi zima linasogea, na dereva atakwambia boksi ni bovu. Futa uchafu kwenye chasisi pale lilipofungwa, tafuta nyufa. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unatoka kwenye tundu la boliti, hapo chuma kinacheza. Halafu draglinki, ile fimbo inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda kwenye gurudumu, kiungo chake cha kwanza na cha pili. Halafu tairodi nyuma ya ekseli, mwisho wa kulia na wa kushoto.

Halafu rodi ya Panhard, na hapa nakuomba utulie.

HZJ78 ilipokuja mwaka 1999 ilikuwa na springi za koili mbele, tofauti na HZJ75 iliyotangulia, ambayo ililalia springi za majani. Majani yenyewe huizuia ekseli isiende pembeni. Koili haiwezi. Kazi hiyo inafanywa na rodi moja ndefu, upande mmoja imefungwa kwenye chasisi na upande wa pili kwenye ekseli, nayo inaitwa Panhard. Bushi zake za mpira zikichoka, au boliti ikilegea na kuligeuza tundu lake kuwa yai, ekseli nzima inahama kushoto na kulia chini ya gari huku ncha zote za tairodi zikiwa nzima. Kwa dalili ulizoandika, hii ndiyo ninayoishuku kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu fundi anaihesabu kuwa ni ya springi, si ya usukani.

Mwenzako aendelee kuzungusha. Wewe angalia mwisho wa rodi, pale jicho lake linapokumbatia boliti. Chora mstari wa chaki ukivuka kutoka kwenye jicho kwenda kwenye bracketi, kile kishikio cha chuma. Mpira mzima unapinda kidogo na mstari unabaki mmoja. Mpira uliokufa unaruka, na mstari unakatika na kuungana kila usukani unapobadili upande. Ukiona chuma kinang'aa kuzunguka kichwa cha boliti, boliti imekuwa ikitembea. Usikaze ukaondoka. Itoe, ichunguze yenyewe na tundu lake. Tundu likiwa yai, kukaza ni kujidanganya: bracketi itengenezwe kwa bamba jipya lenye tundu la kipimo, boliti iwe ya kipimo na ugumu ule ule wa asili. Bushi mpya zikifungwa, kaza boliti gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu ukikaza likiwa limening'inia mpira unabaki umesokotwa na utapasuka upesi. Kagua pia bushi za mikono mirefu inayoishika ekseli kwa nyuma. Hizo nazo zikichoka, ekseli inajipindua kidogo kila ukishika breki.

Baada ya hapo ndipo uinue. Jeki chini ya ekseli, stendi imara chini yake, usiamini jeki peke yake. Shika gurudumu, mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Plei ikipotea, ni beringi za gurudumu. Ikibaki, ni beringi za kingpini, zile mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu linageukia. Kisha shika kushoto na kulia, utikise: hapo unapima tairodi. Jaribio hili la breki ni dakika moja tu, na linakuokoa kufungua mahali ambapo hapakuwa na kosa.

Beringi za kingpini zina tabia yao. Hazizunguki kama za gurudumu. Zinageuka pembe ndogo tu, na sehemu kubwa ya maisha yake gari linakwenda moja kwa moja. Rola zinachimba vijistari kwenye bakuli palepale. Ukizungusha usukani unasikia kama kuna mahali pa kudumbukia, gari linakaa hapo, halafu linatoka kwa mruko. Dereva anarekebisha kila dakika na kusema gari linatanga. Kuongeza grisi hakuondoi vijistari hivyo. Zibadilishwe, na mkazo wake upimwe kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Kabla hujaacha eneo hilo, pitisha kidole nyuma ya tufe la ekseli, lile la duara linalong'aa. Panatakiwa kuwa na utando mwembamba wa grisi. Ukikuta majimaji meusi yanachuruzika, oili ya difu imevuka sili ya ndani na kuigeuza grisi ikawa kama uji. Beringi ya chini inaogelea ndani ya uji huo na kuharibika, hasa kama gari limevuka mito. Wengi wanafuta na kuongeza grisi. Sili za ndani na za nje zibadilishwe pamoja, kazi moja.

Na usikose hili: ule mkono wa usukani uliofungwa kwenye nyumba ya tufe kwa stadi (boliti zisizo na kichwa) na nati. Stadi hizo zinalegea kwenye barabara za changarawe zenye mikunjo, na zikilegea zinakatika moja baada ya nyingine. Ya mwisho ikikatika, hakuna usukani tena. Weka spana kwenye kila nati. Ikizunguka kirahisi, usikaze tu: toa zote, angalia nyuzi, angalia pete za koni zilizo chini ya nati kama zimekaa kwenye matundu yake, badilisha stadi zilizovutika, safisha grisi yote, kisha kaza kwa spana ya kupima. Hapa sikubaliani kabisa na desturi ya kuchomelea nati kwa moto ili isilegee. Chuma cha usukani hakichomelewi. Draglinki au tairodi iliyopinda pia hainyooshwi kwa moto, inabadilishwa.

Turudi kwenye boksi. Skrubu ile ya juu inasogeza gia mbili za ndani zikaribiane. Boksi huchakaa zaidi katikati, kwa sababu hapo ndipo linapofanyia kazi muda wote, na pembeni linabaki karibu jipya. Ukikaza mpaka plei ya katikati iishe, ukitoka nje ya katikati gia zinabanana. Usukani unakuwa mzito, na baada ya kona unabaki ulipouacha. Hiyo ni picha yako kamili.

Kulithibitisha, chomoa draglinki kutoka kwenye mkono wa boksi, injini ikiwa imezimwa na mbele kuko juu ya stendi. Zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine taratibu. Kisha geuza magurudumu kwa mkono. Sasa una pande mbili zilizotenganishwa. Magurudumu yakigeuka kwa shida au kwa kudumbukia, ni kingpini. Magurudumu yakigeuka laini na usukani ukibana, ni boksi. Legeza nati ya kufungia, rudisha skrubu mpaka ubano uondoke kila mahali, funga. Plei ndogo katikati inavumilika. Boksi linalobana linahatarisha maisha, maana dereva akichelewa kulirudisha gari linaendelea na kona. Baada ya kurudisha, viungo vyote vingine vikiwa vizima, plei ikibaki kubwa au boksi likivuja kwenye shafti ya chini, ndipo tuzungumze habari ya boksi jingine. Hata hapo ningependa lako lifunguliwe na kuwekewa sili na beringi mpya kabla ya kununua la mtumba usilojua lilikazwa na nani. Na angalia kiwango cha oili ya pawa na mkanda wa pampu, dakika mbili tu, kabla ya kulaumu chochote.

Usukani kutorudi una chanzo kingine: gari lililoinuliwa. Magari mengi ya safari na ya miradi huwekewa koili ndefu mbele. Kwenye mfumo wa 78, ukiinua mbele, ekseli inajiviringisha kidogo kwenda mbele na pembe ile inayorudisha usukani inapungua. Ukiona koili zako ni ndefu kuliko za asili, ama urudishe za asili au ufunge bushi za kurekebisha pembe hiyo. Alaimenti ya kawaida haiwezi kuirekebisha, kwani kwenye ekseli nzima mashine inagusa tairodi tu.

Usisahau nyuma. Bushi za shakeli, vile vishikio vya ncha za springi za majani, zikiisha, au boliti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli ya nyuma inakaa upande na kuliongoza gari bila ruhusa yako. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi la mbele, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Tofauti kubwa itakuonyesha.

Alaimenti iwe ya mwisho, viungo vyote vikishatengenezwa. Ukiifanya mapema unalipia vipimo vya kitu kinachocheza. Kwa matairi ya radiali mbele pawe pamebanana milimita 1 au 2 tu kuliko nyuma ya matairi hayo. Usukani ukikaa upande gari likienda moja kwa moja, rekebisha kwenye urefu wa draglinki; usikubali mtu achomoe usukani na kuupachika upya kwenye meno, kwa sababu boksi halitakuwa katikati yake tena.

Kwa hiyo kwako wewe mpangilio ni huu: osha rimu na uhamishe matairi leo, rudisha skrubu ya boksi, kisha lala chini na mwenzako mkague Panhard na stadi za mkono wa usukani. Ukikuta stadi imelegea au tundu la Panhard limekuwa yai, gari lisiende lami mpaka litengenezwe. Kama gereji iko mbali, aje fundi na vifaa, au libebwe. Vitu vya kununua vitajulikana baada ya hapo, na kwa jinsi ulivyoeleza sitashangaa kama vitakuwa bushi za Panhard, ncha moja au mbili za tairodi, na seti ya sili na beringi za kingpini. Shokapu ya usukani uliyokwisha nunua irudishe mwishoni, baada ya kuliendesha gari bila hiyo na kuona limetulia. Ukifungua tufe la ekseli, badilisha kota pini zote (vile vipini vya kuzuia nati isifunguke) kwa mpya, na baada ya kilomita mia chache za kwanza za changarawe rudia kukaza zile stadi.